Ng'ombe ana mimba na safari iko karibu: Bima inalipa hadi wapi?

MFUGAJI wa Isingiro akikuambia kwamba ana ng'ombe mmoja mwenye mimba ya miezi sita, anazungumzia mali mbili ndani ya ngozi moja. Ya kwanza ni ng'ombe mwenyewe. Ya pili ni ndama aliye tumboni, na nyuma ya ndama huyo kuna maziwa ya miezi mingi ijayo.

Kwa familia iliyoanza maisha upya katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, au kwa mfanyabiashara anayenunua mitamba Mbarara na kuwauza ng'ambo ya mpaka, mara nyingi mali hizo mbili ndizo mtaji wote. Ng'ombe akifa wakati wa kuzaa, mama, mtoto na maziwa huondoka kwa usiku mmoja.

Kwa sababu hiyo, wakala wa bima ya mifugo akifika kijijini hakosi wa kumsikiliza. Mfugaji akishalipa ada na kupewa karatasi yenye mhuri, ni rahisi kuamini kwamba karatasi hiyo imefunika kila kitu: ng'ombe, ndama, barabara na mpaka. Kumbe sivyo.

Bima ya ng'ombe ina mipaka miwili ambayo kila mwenye safari anapaswa kuijua kabla ya kutoa pesa. Mpaka wa kwanza uko kwenye tumbo la ng'ombe. Wa pili uko kwenye kizuizi cha forodha.

NCHI YA NG'OMBE

Eneo la Mbarara ni moja ya vyanzo vikubwa vya maziwa nchini Uganda. Mji huo, uliopewa hadhi ya jiji Julai 2020, una kiwanda cha Pearl Dairy kinachotengeneza bidhaa za Lato, na pia una chama kikuu cha ushirika wa maziwa, Uganda Crane Creameries, kilichoundwa mwaka 2005.

Ng'ombe wa asili hapa ni Ankole mwenye pembe ndefu. Lakini tangu miaka ya 1990 wafugaji wengi wamekuwa wakimpandisha na Friesian ili kupata maziwa zaidi. Chotara hujaza ndoo, ila ana gharama zake. Huvumilia kupe kidogo kuliko Ankole, na mtamba mwenye umbo dogo aliyepandishwa na dume kubwa anaweza kupata shida wakati wa kuzaa.

Nakivale iko katika wilaya ya Isingiro, ambayo ilikuwa sehemu ya Mbarara hadi ilipotengwa mwaka 2005. Makazi hayo yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko nchini mwao, na baadhi yao walikuja na mifugo. Leo kuna Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo, katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo.

Katika ukanda huu ng'ombe amezoea kuvuka mpaka pamoja na mwenyewe. Baada ya vita vya mwaka 1994, wakimbizi wa zamani walirudi Rwanda kutoka Uganda wakiswaga makundi makubwa ya ng'ombe hadi Mutara. Malisho yalihitajika, na mwaka 1997 sehemu kubwa ya hifadhi ya taifa ya Akagera iliondolewa kwenye hifadhi ili watu na mifugo wapate mahali pa kukaa.

Wakati huo hakukuwa na aliyezungumzia bima. Kinga ya mfugaji ilikuwa kutawanya ng'ombe kwa ndugu na marafiki, ili ugonjwa ukiingia zizi moja asibaki mikono mitupu. Njia hiyo bado ina faida yake, ila mwenye ng'ombe mmoja au wawili hana cha kutawanya.

BIMA YA NG'OMBE HUFANYA NINI

Bima ya mifugo iko ya aina mbili, na ni vizuri kutozichanganya.

Aina ya kwanza ni ile iliyoanza kwa majaribio Marsabit, Kenya, mwaka 2010, na ambayo serikali ya Kenya iliiendeleza katika kaunti kame kuanzia mwaka 2015. Hiyo hupima ukame kwa picha za satelaiti zinazoonyesha kiasi cha majani katika eneo zima. Majani yakipungua kupita kiwango fulani, wote waliokata bima katika eneo hilo hulipwa, hata kama ng'ombe wa mmoja wao hajafa. Na ng'ombe akifa kwa kuzaa vibaya wakati majani ni mengi, hakuna malipo.

Aina ya pili humtazama ng'ombe mmoja mmoja. Anavishwa hereni sikioni yenye namba, anapigwa picha, daktari wa mifugo anampima, na thamani yake inaandikwa kwenye mkataba. Akifa kwa sababu iliyotajwa humo, mwenyewe hulipwa. Makala haya yanahusu bima hiyo.

Nchini Uganda, serikali ilianzisha mpango wa ruzuku ya bima ya kilimo katika mwaka wa fedha wa 2016/17, ukiendeshwa pamoja na muungano wa kampuni za bima. Mwanzoni zilitengwa Sh5 bilioni kwa mwaka. Katika mpango huo mkulima au mfugaji mdogo alisaidiwa nusu ya ada, mkubwa asilimia 30, na walio katika maeneo yenye hatari kubwa ya majanga asilimia 80.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme ng'ombe ameandikwa kuwa na thamani ya Sh3 milioni, na kampuni inatoza asilimia 5. Ada ni Sh150,000. Ruzuku ya nusu ikiwapo, mfugaji anatoa Sh75,000 kwa mwaka. Kabla ya kulipa, muulize wakala mambo matatu: kiwango cha asilimia ni ngapi, ruzuku ya mwaka huu wa fedha ikoje, na je, mwenye kitambulisho cha mkimbizi anaihesabiwa au analipa ada kamili. Majibu yaandikwe.

Swali la kitambulisho si dogo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi nchini Uganda haki ya kufanya kazi na kumiliki mali inayohamishika kama mifugo. Lakini jina lililo kwenye mkataba wa bima lazima lifanane na jina lililo kwenye kitambulisho na kwenye hati ya kununulia ng'ombe. Tofauti ya herufi mbili tu inaweza kuchelewesha malipo kwa miezi.

NDAMA YUKO WAPI KWENYE MKATABA?

Hapa ndipo wengi hukwama. Mikataba ya kawaida ya bima ya ng'ombe humfunika mnyama aliyezaliwa, mwenye hereni na thamani iliyoandikwa. Ndama aliye tumboni hana hereni. Kwa hiyo ng'ombe akitupa mimba na yeye mwenyewe akapona, kwa kawaida hakuna fidia.

Rudi kwenye hesabu yetu. Ng'ombe aliyenunuliwa kwa Sh3 milioni kwa sababu ana mimba huenda asingefika Sh2.4 milioni kama hana. Mimba ikitoka, hiyo tofauti ya Sh600,000 inabaki kwa mwenye ng'ombe, pamoja na maziwa aliyoyatarajia.

Mama akifa na ndama akiwa tumboni, kinacholipwa ni thamani iliyoandikwa siku ya kukata bima. Kama mthamini aliandika bei ya ng'ombe asiye na mimba, ndiyo utakayolipwa. Kwa hiyo mimba ithibitishwe kwanza. Daktari wa mifugo anaweza kuipima kwa mkono tangu mwezi wa pili hivi. Cheti chake, pamoja na tarehe ya kupandishwa au ya kuchomwa mbegu, viambatishwe kabla thamani haijaandikwa.

Ndama akishazaliwa pia haingii kwenye bima ya mama yake kwa kuwa tu ananyonya. Kampuni nyingi humpokea akiwa ametimiza umri fulani, na kwa ada yake mwenyewe. Wiki za kwanza za maisha yake, ambazo ndizo za hatari zaidi, mara nyingi hazina bima yoyote.

Mtu anaweza kuuliza kama jambo hilo haliwezekani kabisa. Linawezekana, ila kwa mnyama mwingine. Uingereza, Ireland na Marekani, ambako farasi wa mbio huuzwa kwa fedha nyingi, mwenye farasi jike mwenye mimba anaweza kukata bima ya mtoto ambaye hajazaliwa. Mimba ya farasi huchukua takriban miezi 11. Daktari huithibitisha, thamani hukadiriwa kwa kuangalia dume lililopanda, na bima humlinda mtoto akiwa tumboni na kwa muda mfupi baada ya kuzaliwa. Kisha daktari humpima upya ili apate bima yake mwenyewe.

Mpango huo umewezekana kwa sababu kila hatua ina hati: siku ya kupandwa, dume gani, vipimo vingapi, nani alishuhudia kuzaliwa. Ng'ombe wa Isingiro hajafika huko. Mfugaji anaweza hata hivyo kuiga hilo la hati. Mwenye daftari la tarehe, chanjo na vipimo ana nguvu ya kudai mimba ithaminiwe, na ndama aandikwe mapema. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

KABLA YA KULIPA

Mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 283, yaani miezi tisa na siku chache. Wakati mzuri wa kukata bima ni mwanzoni mwa kipindi hicho. Baadhi ya kampuni husita kumpokea ng'ombe aliye katika miezi ya mwisho ya mimba, na mikataba mingi ina siku za kusubiri, mara nyingi wiki mbili au zaidi, ambapo ng'ombe akiugua na kufa hakuna malipo. Anayekimbilia bima ng'ombe akiwa tayari amevimba kiwele amechelewa.

Sharti jingine ni chanjo na udhibiti wa magonjwa. Hapa kusini magharibi mwa Uganda, magonjwa ya kuangalia ni haya:

Ndigana kali, inayoletwa na kupe wa kahawia wa masikioni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kupe katika sehemu za Uganda wamezoea dawa zaidi ya aina moja. Kwa hiyo kunyunyizia hakutoshi kama dawa yenyewe haiui. Andika jina la dawa na tarehe ya kunyunyizia, na usibadilishe dawa kwa kubahatisha. Muulize daktari.

Ugonjwa wa kutupa mimba, ambao wataalamu huuita brusela. Mitamba huchanjwa wakiwa wadogo, kati ya miezi mitatu na minane. Anayenunua ng'ombe mwenye mimba adai apimwe damu kwanza. Mimba iliyotoka isishikwe kwa mikono mitupu, na maziwa yachemshwe, kwa maana ugonjwa huu huwapata watu pia.

Homa ya Bonde la Ufa, ambayo hutoa mimba nyingi kwa pamoja mvua zinapozidi na mbu kuongezeka. Mwaka 2016 ilithibitishwa Kabale, si mbali na hapa, kwa watu na mifugo.

Ugonjwa wa miguu na midomo, ambao huwaua ng'ombe wakubwa wachache lakini hufunga minada. Mwanzoni mwa mwaka 2024 wilaya zaidi ya 30 za Uganda zilikuwa chini ya karantini. Bima ya kifo hailipi hasara ya kushindwa kuuza.

Uliza pia kuhusu wizi. Katika mikataba mingine wizi hauimo mpaka uongeze ada. Vita, kunyang'anywa mali na kuchinjwa kwa amri ya serikali wakati wa mlipuko wa ugonjwa ni mambo yanayoondolewa mara kwa mara.

USIKU WA KUZAA

Madai mengi yanaweza kuharibika katika saa chache za usiku, si kwa sababu mfugaji ni mwongo bali kwa sababu anafanya kile ambacho kila mtu hufanya.

Ng'ombe anahangaika kuzaa. Ndama amekaa vibaya. Majirani wanavuta, wanashindwa. Alfajiri ng'ombe hawezi tena kusimama. Mtu mmoja anasema, chinja haraka tuokoe nyama. Panga linapita, nyama inagawanywa, ngozi inauzwa, kichwa na hereni yake vinaenda na mchinjaji. Saa nne asubuhi wakala anapigiwa simu, na hakuna cha kumwonyesha.

Mikataba mingi hukubali kuchinja kwa dharura, lakini kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Kwa hiyo namba ya simu ya daktari na ya wakala ziandikwe zizini mwezi mmoja kabla ya siku ya kuzaa. Mambo yakianza kuwa mabaya, piga simu kwanza. Mikataba mingi hutaka taarifa ndani ya saa 24 au 48.

Daktari akikosekana usiku huo, piga picha za ng'ombe akiwa hai, za hereni zikionyesha namba, na za mzoga. Usitupe hereni wala sikio. Mzoga usizikwe wala kugawanywa kabla ya kuchunguzwa, isipokuwa daktari ameruhusu. Mwenyekiti wa kijiji aandike barua siku hiyo hiyo. Nyama ikiuzwa, sema umepata kiasi gani, maana mara nyingi hukatwa kwenye fidia, na kuificha kunaweza kuua dai zima.

Ndama akitoka hai, anyonye maziwa ya kwanza, yaani dang'a, ndani ya saa chache. Hiyo ndiyo bima yake ya mwanzo, na haina ada.

Na kampuni ikikataa kulipa bila kueleza, Mamlaka ya Kusimamia Bima ya Uganda hupokea malalamiko ya wateja. Chukua nakala ya mkataba, risiti na barua ya kukataliwa. Vile vile, kabla ya kulipa, hakikisha kampuni na wakala wana leseni ya mamlaka hiyo, na ada iingie kwenye akaunti ya kampuni, si kwenye simu ya mtu binafsi.

MPAKANI

Sasa tuje kwa mfanyabiashara. Ananunua mitamba wenye mimba kwenye mnada, anawapakia kwenye lori, anaelekea Mirama Hills ili aingie Rwanda kupitia Kagitumba, au Kikagati ili avuke Kagera hadi Murongo, Tanzania.

Kwenye kioo cha lori kuna kadi ya njano ya COMESA. Wengi wanaijua na wanaiamini, na kwa kazi yake ni nzuri. Lakini kadi hiyo ni bima ya gari dhidi ya madhara linayowasababishia watu wengine katika nchi linazopita. Haimlipi mwenye ng'ombe walio ndani ya gari hilo. Lori likipinduka, aliyegongwa barabarani atakuwa na mahali pa kudai. Mwenye mitamba hatakuwa napo, mpaka awe na bima ya safari kwa ajili ya mifugo yenyewe.

Bima ya ng'ombe aliyoikata mfugaji aliyemuuza nayo haimsaidii mnunuzi. Mkataba ulikuwa kati ya kampuni na mwenye mali wa zamani, na mahali palipoandikwa ni zizi lake. Ng'ombe akiuzwa, mkataba hukoma au huhamishwa kwa maandishi na kwa ridhaa ya kampuni. Muuzaji anayesema "huyu ana bima tayari" anauza maneno.

Kampuni zenyewe zina leseni za nchi moja moja. Mkataba uliokatwa Mbarara humlinda ng'ombe Uganda. Akishavuka, hata hatua mia moja kutoka kwenye kizuizi, huyo ni ng'ombe asiye na bima, isipokuwa imeandikwa vinginevyo.

Kuna pia suala la hali ya ng'ombe mwenyewe. Kanuni za Shirika la Afya ya Wanyama Duniani zinasema mnyama atakayekuwa katika asilimia 10 ya mwisho ya mimba wakati wa kushushwa hafai kusafirishwa. Kwa ng'ombe hizo ni siku 28 hivi za mwisho. Ukimpakia katika siku hizo akazalia garini, si jambo la kushangaza kampuni ikisema umejitakia.

Hati za njiani ni sehemu ya bima pia. Kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa daktari wa mifugo wa wilaya, cheti cha afya, na kibali cha nchi anakokwenda vipatikane kabla ya lori kuwashwa. Ng'ombe aliyepitishwa njia za panya usiku hana hati, na asiye na hati hana dai.

Tena mpaka hauahidi kitu. Februari 2019 mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa, ukafunguliwa tena Januari 31, 2022. Ni karibu miaka mitatu. Mimba ya ng'ombe haisubiri hata wiki moja. Mwenye kufanya biashara hii ajiulize: mpaka ukifungwa leo, mitamba hawa watazalia wapi, na nani atawatunza?

KWA ANAYERUDI NYUMBANI

Anayerudi nyumbani kutoka Nakivale ana swali gumu zaidi, kwa sababu yeye hauzi ili apate faida. Ng'ombe huyo ndiye mwanzo wa nyumba mpya. Njia zake ni tatu.

Ya kwanza ni kuuza huku na kununua kule. Unapoteza ng'ombe uliyemzoea, lakini unaweza kuingia kwenye mpango wa bima wa nchi unakokwenda. Rwanda ilizindua mpango wa taifa wa bima ya kilimo na mifugo mwaka 2019, ambapo serikali ilibeba asilimia 40 ya ada na ng'ombe wa maziwa walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingizwa. Tanzania nayo ilipata muungano wa kampuni za bima ya kilimo mwaka 2023. Mwenye kurudi Rwanda akumbuke pia mpango wa Girinka ulioanza mwaka 2006, ambao huzipa familia maskini ng'ombe, kwa sharti kwamba ndama jike wa kwanza apewe jirani. Chini ya sharti hilo ndama ni deni, na kumlinda ni kulinda heshima.

Ya pili ni kumwacha kwa ndugu au rafiki hadi azae. Hapo mkataba ubaki kwa jina la mwenye mali, lakini kampuni iarifiwe kwa maandishi nani anamtunza na katika zizi lipi. Wandikishiane pia wenyewe kwa wenyewe: ndama ni wa nani, maziwa ni ya nani, na fidia ikitoka inaingia mfukoni mwa nani. Undugu mwingi umevunjika kwa jambo lililoachwa bila kusemwa.

Ya tatu ni kwenda naye. Hii inawezekana mimba ikiwa bado changa, hati zote zikiwa tayari na bima ya safari imekatwa. Mimba ikiwa imepita miezi saba, ni busara kumwacha azae kwanza. Basi la kurudisha watu hubeba watu na mizigo yao. Ng'ombe ana safari yake, kibali chake na gharama yake.

Jambo moja halina mkataba wowote. Julai 2010, zaidi ya Wanyarwanda 1,700 walirudishwa kwa nguvu kutoka Nakivale na Kyaka, wakapakiwa kwenye malori. Kampuni ya bima hulipa ng'ombe akifa. Ng'ombe aliyeachwa malishoni akiwa hai, mwenyewe akiwa amepelekwa nchi nyingine bila kujiandaa, halipwi na yeyote.

Kwa hiyo anayeishi huku akijua kwamba siku moja atarudi, asisubiri tangazo. Leo hii aandike barua kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa mtu mmoja anayemwamini ikitaja ng'ombe wake, namba za hereni, mimba ya miezi mingapi, na nani ana haki ya kumuuza au kumtunza akiwa hayupo. Nakala moja aishone kwenye mfuko ule ule anaoweka kitambulisho.

Bima bado ni kitu cha kukata kwa mwenye uwezo wa kuilipa. Inarudisha thamani ya mama, na kwa familia yenye ng'ombe mmoja hilo ndilo linaloamua kama wataanza tena au wataanza kuomba. Ila mfugaji aikate akijua kwamba ndama yumo mikononi mwake mwenyewe mpaka atakapovishwa hereni yake, na kwamba ng'ombe akivuka mto Kagera, mkataba wa Mbarara unabaki ng'ambo hii.